Dawa Mbili, Mguu Mmoja

Ocaya alipouweka mkono wake juu ya mguu wa mdogo wake, alidhani ameshika chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mguu wa kulia ulikuwa na joto lake la kawaida, la mtu aliye hai na aliyefunikwa blanketi. Wa kushoto, kuanzia gotini kushuka chini, ulikuwa baridi na umepauka, na vidole vilikuwa na rangi ya mshumaa. Ochan mwenyewe alikuwa ameuma pembe ya shuka. Hakulia, kwanza kwa sababu alikuwa polisi miaka mingi, na pili kwa sababu kaka yake alikuwa amesimama pale anamtazama.

"Inauma, afande," alisema. "Ni kama mtu anasaga mahindi huko ndani."

Ocaya hakuwa afande wa mtu yeyote tena. Alistaafu jeshini akiwa sajini meja, na siku hizi alikuwa na nyumba yake Makindye, Kampala, si mbali na kambi ya jeshi, na kuku wa mayai ambao hawakumpigia saluti. Lakini Ochan alimwita afande tangu ujana wao, kwanza kwa utani, kisha utani ukaota mizizi. Ochan hakuhama nyumba wala hakuacha upolisi kwenda kulinda ghala la vinywaji Nakawa kabla ya kusikia kaka amesemaje. Hata asubuhi ile, alipovua buti baada ya lindo na mguu ukashikwa na maumivu ya ghafla, hakumwambia mkewe atafute gari. Alimwambia, "Pigia afande."

Na afande alikuja, tusimnyime haki yake. Aliazima gari la jirani, akaliendesha kama anafukuzwa, akawapeleka hospitali moja ya watu binafsi kule mlimani, akaweka malipo ya kuanzia kutoka mfukoni mwake bila kunung'unika. Kama siku ile ingeishia pale kwenye dirisha la malipo, tungemsifu mpaka leo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Aminah, mzaliwa wa Bombo, na watu wa Bombo Kiswahili wamekinyonya pamoja na maziwa. Alikuwa ameshapima mguu kwa mashine, akatafuta mapigo kwenye kifundo asiyapate. Aliwasimamisha Ocaya na mke wa mgonjwa kando ya kitanda ili Ochan naye asikie.

"Wazee wangu, nisikilizeni vizuri. Moyo wake unapiga ovyo. Kipande cha damu iliyoganda kimetoka huko, kikashuka na damu, kikaziba mshipa hapa juu ya paja. Huu ni mshipa unaopeleka damu mguuni. Chini ya hapo mguu haupati kitu. Nimempa sindano ili damu isizidi kuganda, lakini sindano hiyo haizibui."

"Dawa ya kuzibua iko?" Ocaya aliuliza.

"Ziko njia mbili. Moja ni upasuaji. Nachana kidogo hapa kwenye kinena, naingiza mpira mwembamba wenye kiputo mwishoni, nakivuta kile kipande nje. Njia ya pili, tunapitisha mrija mdogo ndani ya mshipa mpaka kwenye damu iliyoganda, tunadondosha dawa ya kuiyeyusha polepole, labda mchana kutwa na usiku kucha. Kidonda chake si kikubwa. Lakini dawa ile haichagui mahali pa kuyeyusha. Inaweza kumfanya avuje damu kwingine, hata ndani ya kichwa."

"Na kati ya hizo mbili, bora ni gani?"

Hapo daktari alifanya kosa la watu wakweli: alijibu swali aliloulizwa.

"Wamezilinganisha kwa wagonjwa wengi," alisema. "Kwa kuokoa mguu, na kwa kuokoa uhai, zinakaribiana. Ila ile ya kuyeyusha ina kuvuja damu zaidi. Mimi kwa mgonjwa huyu nachagua upasuaji, kwa sababu vidole vimeanza ganzi na dawa inataka muda ambao hatuna. Mguu ukikosa damu hauvumilii zaidi ya masaa kama sita, na yameanza kuhesabiwa pale alipovua buti. Chumba cha upasuaji kiko tayari. Nataka sahihi tu."

Maneno yote hayo yaliingia masikioni mwa Ocaya, lakini lililobaki ndani ni moja: zinakaribiana. Vitu vikikaribiana, basi kuna nafasi ya kuchagua, na mtu mwenye akili huchagua kwa utulivu. Ocaya hakuwahi kununua hata betri za tochi bila kuzunguka maduka matatu. Haraka haraka haina baraka, ndiyo iliyokuwa methali yake, aliisema kazini na aliisema harusini. Alisahau kwamba wahenga hao hao waliotupa hiyo wametupa na nyingine, ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

"Basi bapasue," alisema mke wa Ochan. "Alisema sasa. Afande, ulisikia? Sasa."

Huyu ni Estelle, Mkongo wa Butembo, muuza vitenge soko la Nakawa. Kiswahili ndicho kilichomkutanisha na Ochan, maana Ochan na kaka yake walikulia katika kambi ya jeshi ambako Kiacholi kilibaki cha mama jikoni, na yeye alivuka mpaka na Kiswahili chake kama watu wanavyovuka na godoro. Walikuwa na binti, Juliet, aliyekuwa chuo cha ualimu. Lakini mahari ilikuwa haijaenda Butembo mpaka leo. Ocaya ndiye aliyesema wangoje Kongo itulie, na Kongo haijatulia. Kwa hiyo Estelle alikuwa mke jikoni na mgeni kikaoni.

"Shemeji," Ocaya alimwambia, tena kwa upole, "hii kitu ni ya wenye mtu. Wewe kaa na yeye, mpatie maji."

Daktari Aminah aliwatazama wote wawili, kisha akainama kwa mgonjwa. "Mzee Ochan, mguu ni wako na akili yako iko sawa. Wewe unasemaje?"

Ochan aliinua macho. Hakumtazama daktari, wala hakumtazama mkewe.

"Ngoja afande aseme," alisema.

Estelle alichukua kikombe, akaenda kutafuta maji. Baadaye alijilaumu sana kwa kwenda kule.

*

Si kwamba Ocaya hakumpenda mdogo wake. Hilo ndilo lililoleta balaa lote. Wakati wa vita vya kaskazini alikuwa ameona vijana wakiingia hema la matibabu na mguu wenye tundu dogo la risasi, wakatoka na kisiki. Tangu hapo aliamini kwamba kisu kikishaonja mguu hakiridhiki. Sasa anaambiwa kuna kisu na kuna dawa, na vinakaribiana. Nani mwenye mdogo wake atachagua kisu?

Alitoka nje kwenye veranda, akampigia Ocira, mtoto wa dada yao, aliyeuza dawa Gulu.

"Mjomba, hiyo dawa naisikia ni kali na ni ya kisasa," Ocira alisema. "Wazungu wanaitumia sana. Lakini mimi sijaiona kwa macho. Daktari huko anasema nini?"

"Daktari anasema zote ni sawa."

"Basi mjomba, kama zote ni sawa, kupasua ni ya nini?"

Ndivyo neno linavyokua likipita mdomo hadi mdomo. Daktari alisema zinakaribiana, Ocaya akasema ni sawa, na simu ilipokatika, upasuaji ulikuwa umeshakuwa ujinga. Hata hivyo Ocaya hakuwa mtu wa kuamua jambo kwa simu. Alitaka kuona. Ndipo akamkumbuka Abudu, mwenzake wa zamani jeshini, ambaye mwaka juzi damu ilimganda mguuni, akatibiwa kwa dawa tupu, na leo alikuwa akiziba pancha za magari Nakawa kwa miguu yake yote miwili. Alimpigia, simu haikupatikana.

Alirudi kitandani. "Naenda mahali mara moja, nakuja," alisema. "Nataka kuona mguu ya mtu aliyepona."

"Afande, kuona mguu ya mtu mwingine itasaidia nini?" Estelle aliuliza.

"Itasaidia tusikate kichwa-kichwa."

"Mzee," daktari alisema kutoka mlangoni, "ukienda, unaenda na muda wake."

"Daktari, hata vitani tulikuwa tunatuma skauti kwanza," Ocaya alijibu, na akaona amejibu vizuri.

*

Barabara ya kushuka mjini ilikuwa imesongamana magari. Alikodi boda, na dereva wake akapita vichochoro, akapanda kando ya mitaro, lakini mvua ya asubuhi ilikuwa imejaza maji chini ya daraja la reli na pikipiki zilikuwa zimepanga mstari pale kama kuku wa Ocaya. Alipofika kwa Abudu, aliambiwa Abudu ameenda kuswali. Akakaa juu ya gurudumu la lori, akangoja. Simu yake ililia.

"Afande, vidole havisikii tena," sauti ya Estelle ilisema. "Nimevifinya, hasikii. Daktari anauliza. Rudi, ao useme tu ndiyo kwa simu, bapasue."

"Shemeji, nimeshafika kwa mtu mwenye ushahidi. Kidogo tu."

Abudu alikuja akijifuta mikono, akacheka kumwona sajini meja wake ameketi juu ya gurudumu. Ocaya hakumpa hata nafasi ya salamu kamili.

"Abudu, kunja suruali. Nionyeshe ile mguu."

Abudu alikunja suruali. Vijana wa gereji waliacha kazi kutazama wazee wawili, mmoja amesimama mguu umenyooshwa, mwingine ameinama anaubonyeza kama mnunuzi wa mbuzi. Mguu ulikuwa mzima, mweusi, wenye nywele, na kovu la zamani la waya.

"Walikupasua wapi?"

"Wapi? Hakuna kupasua. Walinipa sindano ya tumboni, halafu vidonge miezi mingi. Damu ikayeyuka yenyewe."

"Wewe mwenyewe umeona."

"Mimi mwenyewe, afande. Lakini ilinitesa. Mguu ilivimba mpaka suruali ikakataa kuingia. Ilikuwa moto, weka mkono hapa, unatoa."

Hapa ndipo Ocaya, kila akiikumbuka siku ile, huwa anasimama. Aliposikia neno moto, kiganja chake kilikumbuka chupa ya soda. Mguu wa Abudu ulivimba, wa Ochan ulikuwa umesinyaa. Huu ulikuwa moto, ule baridi. Jambo hilo lilimpitia wazi kabisa, si kwamba hakuliona. Lakini alikuwa amevuka Kampala nzima kutafuta jibu, na jibu alikuwa amelishika mkononi, lina nywele na kovu la waya. Angelitupa vipi? Akajiambia magonjwa ni kama watu, kila mmoja ana tabia yake. Akamshukuru Abudu, akapanda boda.

*

Alipoingia wodini jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili wa madirisha. Alikuwa anatokwa jasho na alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyomuumiza Estelle kuliko vyote.

"Tumechagua ya kuyeyusha," alimwambia daktari. "Nimeona mtu kwa macho yangu. Mguu ilivimba, ikawa moto, wakampa dawa, leo anafanya kazi."

Daktari Aminah hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Mzee, rafiki yako damu ilimganda kwenye mshipa unaorudisha damu juu. Damu inaingia mguuni, haitoki, mguu unavimba na kupata moto. Huyu ni mshipa unaoipeleka. Damu haiingii. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Umeenda kuangalia ugonjwa mwingine."

"Lakini wote ni damu kuganda mguuni."

"Mzee Ochan," daktari alisema, "chezesha vidole vya huu mguu."

Ochan alivitazama vidole vyake. Alivitazama kwa bidii, mishipa ya shingo ikamtoka. Vidole vilikaa kama vya mtu mwingine. Daktari alibonyeza misuli ya nyuma ya mguu, chini ya goti, nayo ilikuwa ngumu.

"Sasa hakuna tena njia mbili," alisema. "Dawa haiwezi kuwahi. Tunaingia kupasua, na sijui tutakuta nini. Mnakubali?"

Ochan alimtazama kaka yake. Ocaya akatikisa kichwa kukubali, upesi, mara nyingi, kama mtu anayetaka kuyarudisha masaa kwa kichwa. Na Ochan akatia sahihi.

Walimsukuma akapotelea nyuma ya milango. Ocaya na Estelle walikaa benchi moja, katikati yao mkoba wenye buti za Ochan. Muuguzi alipita, akamwuliza Estelle kama ni mtu wa karibu wa mgonjwa.

"Uliza huyu mzee," Estelle alijibu. "Yeye njo anajua kama mimi ni mtu wa karibu."

Ocaya aliuchukua mkoba wa buti, akaupakata. Katika maisha yake yote ya amri, hakukumbuka mtu kumwambia neno baya kwa sauti ya chini namna ile.

Daktari alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa. "Nimekitoa kipande," alisema. "Damu imefungua njia, pajani inapita vizuri. Lakini nyama ya chini imekaa muda mrefu bila kula. Nyingi imeshakufa. Tutamwangalia mpaka kesho, lakini msijipe matumaini makubwa."

Alipoanza kuondoka, Ocaya alimfuata mpaka kwenye kona.

"Daktari, nikuulize kitu. Kama ile asubuhi tungechukua ile dawa ya kuyeyusha?"

"Labda mguu ungepona."

"Na kama tungechukua upasuaji?"

"Labda zaidi kidogo, kwa hali aliyokuwa nayo." Alivua kofia. "Yoyote, mzee. Asubuhi ile, ungechukua yoyote kati ya hizo mbili."

*

Kesho yake mguu ulikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau mpaka gotini, na daktari alisema ukiachwa, sumu yake itapanda na kuharibu figo. Ukatwe juu ya goti, tena leo. Alileta karatasi, akaiweka juu ya kimeza cha kitanda, na kalamu juu yake. Ochan alikuwa amelala nusu kwa dawa za maumivu.

Ocaya aliitazama kalamu ile. Alikuwa ametia sahihi vitu vingi jeshini: bunduki, vifungo vya askari walevi, miili ya vijana. Mkono wake ulikataa kutoka mfukoni.

"Shemeji," alisema, "wewe ni mke wake. Weka sahihi wewe."

Estelle alikuwa akimfuta Ochan uso kwa kitambaa. Aliendelea mpaka akamaliza, akakikunja kitambaa, akakiweka mapajani.

"Jana, mguu ya kuponya, nilikuwa mgeni," alisema. "Leo mguu ya kukata, nimekuwa bibi yake. Hapana, afande. Hiyo bibi mnayemuita leo, jana alikuwa hapa hapa. Mlimtuma maji."

Hakupaza sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijigeuza upande wa ukuta kwa heshima. Ocaya alisimama pale na urefu wake wote. Waswahili wana msemo ambao alikuwa akiupenda sana, na alimwimbia Ochan tangu utoto: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ochan alikuwa amesikia la mkuu maisha yake yote, na jana amelisikia kuliko siku zote.

"Nipatieni hiyo kalamu," sauti ilisema kutoka kitandani.

Ochan alikuwa amefumbua macho. Estelle alimwinua mgongo, daktari akashika karatasi, naye akaandika jina lake kwa herufi za kitoto, moja moja. Safari hii hakumtazama kaka yake, si kabla wala baada. Ocaya angetoa kuku wote wa mayai na nyumba juu yake ili atazamwe.

*

Miezi ilipita. Ochan alirudi kwake Nakawa, vyumba viwili nyuma ya soko, na wageni wakawa hawaishi: polisi wenzake wa zamani, walinzi wa ghala, Wakongo wa kanisa la Estelle waliokuja na nyimbo na mihogo. Kila aliyekuja aliambiwa jinsi afande alivyohangaika siku ile, alivyolipa, alivyokimbia na boda mji mzima akitafuta dawa.

"Wewe ni ndugu wa kweli, mzee," walimwambia Ocaya wakimpa mkono. "Siku hizi ndugu kama wewe hawapo."

Ocaya alikuwa akiitikia, "Tumshukuru Mungu," akiinamia kikombe cha chai. Estelle alimimina chai ile ile kwa kila mtu, na akifika kwake alimimina kikombe kikajaa sawasawa, wala hakumnyima sukari. Kwa mtu mwenye hatia, adabu ya namna hiyo ni adhabu ya kutosha.

Jumapili moja wageni walichelewa. Juliet alikuwa amerudi chuoni, Estelle alikuwa nje anaanua vitenge. Ocaya alisogeza kiti karibu na kitanda ambacho Ochan alikuwa ameketi, suruali ya upande wa kushoto imekunjwa na kufungwa pini.

"Ndugu yangu," alianza, "hawa watu wanaonisifu, unawaacha wanasema uongo. Ile siku mimi niliona. Abudu aliniambia mguu yake ilikuwa moto. Nikajua yako iko baridi. Nikajua kabisa, Ochan, na nikapanda boda nikanyamaza."

Kwa jirani redio ilikuwa inatangaza mpira kwa Kiganda.

"Nilikuwa sijui hiyo ya Abudu," Ochan alisema.

"Sasa unajua."

"Sasa najua." Alipapasa mahali mguu ulipoishia, kwa mkono wa mtu anayemtuliza mtoto. "Lakini afande, daktari aliniuliza mimi kwanza. Alisema, mguu ni wako. Mdomo nilikuwa nao, akili nilikuwa nayo. Estelle alikuwa ananiangalia, ananiomba kwa macho. Na mimi, mtu mzima, baba ya mtoto, nikasema ngoja afande aseme. Kwa hiyo usichukue yote. Niachie na mimi kidogo."

Ocaya alilia. Alilia vibaya, bila ufundi, kama mtu ambaye hakuwahi kufanya mazoezi ya jambo hilo, na Ochan akamwachia alie bila kumwambia anyamaze.

Estelle aliingia na vitenge begani na simu sikioni. Aliona macho ya Ocaya, akaangalia pembeni ili asimwaibishe.

"Ni bale ba hospitali ya Mulago, ba miguu ya bandia," alimwambia mumewe. "Banasema ziko za aina mbili. Moja banatengeneza hapa hapa, ingine inatoka inje. Banauliza tunataka gani, baandike."

Ocaya alijifuta uso kwa kiganja. Kichwa chake, kwa mazoea yake ya miaka, kilikuwa kimeshatoka kwenda dukani: ipi nyepesi, ipi hudumu, nani anayo, inawezekana kwenda kumwona mtu. Alisogea mbele kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Wewe unaonaje?" Ochan alimwuliza mkewe.

"Ya hapa. Ikiharibika, benye kutengeneza bako karibu."

"Basi ya hapa. Waambie tunakuja."

Estelle aliwaambia, akawashukuru, akakata simu, akaanza kukunja vitenge juu ya meza. Ocaya alikuwa bado amekaa vile vile mbele ya kiti, akingoja aulizwe. Redio ya jirani ilipiga kelele ya bao. Hakuna aliyemwuliza.

"Afande," Ochan alisema, "nipatie hayo magongo nyuma yako, nataka nitoke nje kidogo."

Ocaya aliinuka upesi kuliko ilivyohitajika, akampelekea.